Banda la Magari ni Jengo la Aina Gani?

Katika miji midogo na mashamba ya Marekani, banda la chuma la futi 30 kwa 40 ni kitu cha kawaida mno. Huuzwa likiwa vipandevipande, hushushwa na lori, huunganishwa kwa bolti juu ya sakafu ya zege, na punde mwenyewe anaingiza pikapu yake, boti na trekta la kukatia nyasi. Kwa jirani anayechungulia uani, hilo ni banda tu. Kwa ofisi ya vibali vya ujenzi, banda hilohilo laweza kuwa Kundi U, Kundi S-2 au Kundi S-1, na kila kundi lina kuta zake, ukomo wake na gharama zake. Ubishi juu ya kundi lipi ni sahihi haujaisha kwa miaka mingi, na mara nyingi huanza wakati mwenye banda ameshalipia chuma.

Naona ubishi huu unachosha kwa sababu wengi huangalia chombo kilichoegeshwa, ilhali kanuni inauliza kwanza ni nani anayekitumia, na nini kinafanyika ndani ya jengo mbali na kuegesha. Kwa sehemu kubwa kanuni ina haki kuuliza hivyo. Tatizo liko chini zaidi, kwenye dhana iliyobeba mpango mzima: kwamba gari lililozimwa na kuegeshwa ni mzigo wa hatari ndogo. Dhana hiyo imezeeka.

Kanuni yenyewe ni International Building Code, ambayo wajenzi huiita IBC. Huandaliwa na baraza liitwalo ICC, lililoundwa mwaka 1994 na mashirika matatu yaliyokuwa yamegawana Marekani kikanda. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000 na tangu hapo hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka mitatu. Haiwi sheria mpaka jimbo, kaunti au mji uipitishe, na wengi huipitisha wakiwa wameikata hapa na kuishona pale. Ndiyo maana miji miwili inayopakana inaweza kuwa inatumia matoleo tofauti, na jibu alilopewa binamu yako upande wa pili wa mto lisikufae. Kabla ya IBC, majimbo ya magharibi yalifuata Uniform Building Code, iliyochapishwa kwa mara ya mwisho mwaka 1997. Humo maegesho yaliyofungwa yalikuwa S-3, ya wazi S-4, na banda la nyumbani U. IBC ilizifuta S-3 na S-4, ikagawa ghala zote katika ngazi mbili: S-1 kwa hatari ya wastani, S-2 kwa hatari ndogo.

Sasa tazama vyombo vimepangwaje. Maegesho ya magari, yawe wazi au yamefungwa, yako S-2. Gereji ya kutengeneza magari iko S-1. Banda la ndege liko S-1. Boti zilizohifadhiwa nchi kavu ndani ya jengo ziko S-1, kwa sababu ganda la boti nyingi ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa plastiki, na hiyo huwaka vizuri. Vyumba vidogo vya kukodisha kwa kuhifadhia mizigo navyo vimetajwa S-1 katika matoleo ya karibuni. Kundi U limekusanya majengo ya ziada yasiyo na nyumbani pengine: mazizi, mabanda ya mifugo, vitalu vya mimea, matangi, minara, kuta za kuzuia udongo, na pamoja nayo mabanda binafsi ya magari. Hata banda la ndege likiwa la mwenye nyumba ya familia moja au mbili huingia U. Ndege ni ileile, mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni uhusiano wa banda na nyumba.

Uhusiano huo ndio uti wa mgongo wa jambo lote. IBC hulitambua banda binafsi la magari kama jengo, au sehemu ya jengo, ambamo huwekwa magari yanayotumiwa na mwenye majengo yaliyo kwenye eneo hilo au wapangaji wake, bila matayarisho ya kuyatengeneza kwa faida. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuthibitisha: magari ni ya watu wa hapohapo, na hakuna biashara ya ufundi. Banda la futi 30 kwa 40 alilojenga mtu nyuma ya nyumba yake linapita kwenye jaribio hilo. Likijengwa na fundi bomba kwenye kiwanja cha biashara ili kulaza magari yake matatu ya kazi, ofisa majengo ana kila sababu ya kuandika S-2, hata kama bati, bolti na milango vimetoka kiwanda kimoja.

Hapo tumefika kwenye ile futi 30 kwa 40. Zidisha, unapata futi za mraba 1,200, karibu mita za mraba 111. IBC inasema kila banda binafsi lisizidi futi za mraba 1,000, yaani mita za mraba 93. Kipimo kinachopendwa sana sokoni kimevuka mstari kwa futi 200. Matoleo ya zamani yaliruhusu kufika futi 3,000 kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba jengo litumike kwa magari binafsi au ya starehe tu, bila kutengeneza chochote wala kujaza mafuta. Matoleo mapya yamechukua njia nyingine: yanakubali mabanda kadhaa katika jengo moja, mradi kila moja libaki chini ya 1,000 na litenganishwe na mwenzake kwa ukuta unaostahimili moto kwa saa moja.

Mwenye nyumba ya kawaida asitishike haraka. Nyumba za familia moja au mbili na majengo yake ya ziada huongozwa na kitabu kingine cha baraza hilohilo, International Residential Code, au IRC. Kitabu hicho hakina ule mstari wa 1,000 kwa banda lililosimama peke yake. Kinashughulika zaidi na mahali banda linapokutana na nyumba: ubao wa jipsamu wa nusu inchi upande wa banda, ubao mnene zaidi wa aina inayostahimili moto pale vyumba vinapokuwa juu yake, mlango mzito, na marufuku ya banda kufunguka moja kwa moja kwenye chumba cha kulala. Sakafu iwe ya kitu kisichoungua na iinamie nje au kwenye mfereji, ili petroli iliyomwagika isitiririke kuelekea jikoni. Haya yameandikwa kwa uzoefu. Atakayemzuia mwenye nyumba kujenga banda kubwa mara nyingi ni sheria ya mipango miji ya mtaa wake, ambayo ni ofisi nyingine na ugomvi mwingine.

Kuna pia msamaha unaoeleweka vibaya. Kibanda kidogo cha vifaa, cha ghorofa moja na kilichojitenga, hakihitaji kibali kikiwa hakizidi futi za mraba 120 chini ya IBC, au 200 chini ya matoleo ya karibuni ya IRC. Pikipiki inaingia humo bila shida. Watu husoma hapo wakadhani kibanda kimetolewa nje ya kanuni. Kimesamehewa karatasi tu. Kanuni yenyewe inaeleza kwamba kusamehewa kibali si ruhusa ya kujenga kinyume chake.

Kazi ngumu iko kwenye majengo yasiyo ya nyumbani kabisa wala ya biashara kabisa. Chukua mwenye nyumba za kupangisha anayetaka kujengea wapangaji wake safu ya vyumba vya magari, kila kimoja futi 12 kwa 20, kila kimoja na mlango wake. Chumba kimoja ni futi 240. Vinne ni 960, kwa hiyo chini ya Kundi U anaweza kuweka magari manne kisha ukuta wa saa moja, manne tena, ukuta tena. Akitumia mbao za kawaida bila kinga, ile aina ya ujenzi iitwayo V-B, jedwali la ukubwa linampa Kundi U futi 5,500 kwa ghorofa: magari 22. Jengo lilelile likiandikwa S-2 linapewa futi 13,500, ambazo zingetosha magari 56, ingawa maegesho yaliyofungwa yakizidi futi 12,000 lazima yawekewe vinyunyizio vya kuzimia moto, hivyo kiutendaji atasimama kwenye 50.

Mtu anayedhani U ndilo kundi la upole atashangaa. Lina upole kwenye kuta za nje na kwenye mitambo, na lina ubahili kwenye ukubwa. Nadhani hilo lilikusudiwa, na ni busara. Jengo linalopewa masharti machache libaki dogo, na atakayetaka kubwa alipie masharti. Lakini malipo yenyewe yana upuuzi wake. Maegesho yaliyofungwa ya S-2 yanadai mitambo ya kubadilisha hewa, kwa hofu ya moshi wa injini. Sharti hilo lina maana kwenye ukumbi wa magari 200 yanayozunguka kutafuta nafasi. Kwenye chumba cha gari moja chenye mlango unaofunguka nje, ambamo injini huwashwa na gari likatoka, feni inanyonya hewa ya nani? Hapa ndipo ukuta wa saa moja kila baada ya magari manne unapokuwa nafuu kuliko S-2, na hapa ndipo wachoraji wengi huishia kwenye U bila kutafuta ujanja wowote.

Kuta za nje nazo zinafaa kutazamwa kwa makini zaidi ya zinavyotazamwa. Jengo la S-1 lililo chini ya futi tano kutoka mpaka wa kiwanja linadaiwa ukuta wa kustahimili moto saa mbili. S-2 na U, saa moja. Kati ya futi tano na kumi, S-1 na S-2 bado zinadaiwa saa moja, lakini jengo lenye banda binafsi la Kundi U pekee halidaiwi chochote kuanzia futi tano. Halafu kuna vizuizi vinavyogawa maeneo ya moto ndani ya jengo: saa tatu kwa S-1, mbili kwa S-2, moja kwa U. Saa tatu, mbili, moja: hatari imekadiriwa kwa ngazi, na ngazi hizo ndizo pesa. Atakayekuambia tofauti ya makundi ni karatasi tu hajawahi kuagiza ukuta wa saa tatu.

Uzito wa chombo unaingia kwa mlango mwingine. Kanuni hulitaja gari la kibiashara kuwa ni la kubeba abiria au mizigo lenye uzito ulioidhinishwa wa paundi 10,000 au zaidi, karibu kilo 4,536, au lililoundwa kubeba watu 16 na kuendelea pamoja na dereva. Jengo la kuhifadhi magari ya namna hiyo linahitaji vinyunyizio eneo lake la moto likizidi futi 5,000, badala ya 12,000. Sasa fikiria banda la kaunti la malori ya kusukuma theluji, liko porini, hakuna bomba la mji. Vinyunyizio vinakuja na tangi, pampu, na hofu ya maji kuganda ndani ya mabomba majira ya baridi. Si ajabu mchoro ukaletwa ofisini ukiwa na futi 4,990. Mkaguzi anajua, mchoraji anajua, na sheria imefuatwa. Sioni dhambi hapo. Kikomo chochote cha tarakimu huzaa majengo yanayokisogelea.

Hili la uzito linawagusa Waswahili waishio Marekani moja kwa moja, kwa kuwa miongoni mwao wapo wanaoendesha malori yao wenyewe. Kichwa cha trela kinavuka paundi 10,000 kabla hakijafungwa tela. Mwenye nacho akitaka kukijengea banda nyuma ya nyumba, atakuta ufafanuzi wa banda binafsi hauzungumzii uzito, unazungumzia magari ya mwenye jengo au wapangaji wake. Kwa maandishi hayo peke yake angeweza kujitetea. Lakini mji unaotumia toleo la zamani lenye maneno ya magari binafsi au ya starehe utamkatalia, sheria za mtaa juu ya malori zinaweza kumkatalia kabla ya hapo, na sakafu inaweza kumkatalia kuliko wote. Sakafu ya maegesho ya magari madogo hukadiriwa kwa paundi 40 kwa futi ya mraba, pamoja na mzigo wa paundi 3,000 uliokusanyika kwenye mraba wa inchi nne na nusu, ambapo ndipo jeki husimama. Hesabu hiyo ni ya magari ya abiria tu. Kwa lori mhandisi lazima aanze hesabu upya, hasa kama chini ya sakafu kuna chumba.

Ufundi nao una utata ambao kanuni imeuacha wazi. Banda binafsi haliruhusu kutengeneza kwa faida. Gereji, kwa upande wake, imefafanuliwa kuwa jengo la kuhudumia au kutengeneza magari, na neno la faida halimo. Basi mstaafu anayefufua magari ya kale kwa mapenzi yake, anachomelea, anapaka rangi, hauzi hata moja, yuko wapi? Kwa ufafanuzi wa kwanza bado ni U. Kwa wa pili ameshaingia S-1. Nikiwa ofisa majengo nisingemuuliza kuhusu faida hata kidogo. Ningemuuliza kama anachomelea na kama anapulizia rangi, maana cheche na mvuke wa rangi ndivyo vinavyowasha moto, na havijali kama kuna risiti.

Aina ya jengo inayowatoa jasho maofisa zaidi siku hizi ni mabanda ya kifahari yanayouzwa mojamoja, kama vyumba vya ghorofa. Mnunuzi anapata nafasi ya magari yake ya kukusanya, juu yake roshani yenye kochi, friji, sinki, pengine na bafu. Hakai hapo. Anakuja Jumamosi kufuta vumbi na kukaribisha marafiki kutazama mbio. Wauzaji hudai ni Kundi U, kwa hoja kwamba wenye vyumba ndio watumiaji wa jengo na magari ni yao. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini U ni kundi la majengo ya ziada, na hapa hakuna jengo kuu ambalo banda limelifuata. Banda ndilo jengo. Mimi ningeanzia S-2 kwa mtu anayeegesha tu, nikapanda S-1 pale kila chumba kinapowekewa mashine ya kunyanyua gari na benchi la kazi, na ile roshani ningeitazama kama mahali pa watu kukaa, pamoja na njia yake ya kutokea. Watu 12 waliokunywa bia juu ya magari manne, ngazi ikiwa moja na inashukia katikati ya magari, hiyo ni hatari ya aina nyingine kabisa, na inamhusu mpangaji wa ukuta wa pili pia.

Pale kanuni inapokosa jina, kifungu cha 302 kinaelekeza kwamba matumizi yasiyotajwa yawekwe kwenye kundi linalofanana nayo zaidi kwa usalama wa moto na kiwango cha hatari. Uamuzi ni wa ofisa majengo. Wajenzi hulilalamikia jambo hilo kama mwanya wa upendeleo, na mara nyingine wana haki. Hata hivyo orodha haitaweza kamwe kutaja kila kitu ambacho watu watakiingiza kwenye banda.

Nchi nyingine zimeukata mfupa huu kwa njia nyingine. Australia huhesabu magari: banda binafsi liko daraja la 10a, pamoja na vibanda visivyokaliwa na watu, na linapokuwa limejitenga na kuhudumia jengo lisilo nyumba ya kawaida halitakiwi kuzidi nafasi tatu za magari. Zaidi ya hapo ni maegesho, daraja la 7a. Uingereza hutazama eneo na mpaka. Jengo dogo la ghorofa moja lililojitenga, lisilo na mahali pa kulala, huachwa nje ya kanuni za ujenzi likiwa chini ya mita za mraba 15. Hadi mita 30 huachwa pia, kama liko angalau mita moja kutoka mpaka au limejengwa kwa sehemu kubwa kwa vitu visivyoungua. Kwa maegesho yenyewe, kundi lao la 7(b) hupokea magari madogo yasiyozidi kilo 2,500 kwa uzito wa jumla. Mpaka huo uliwahi kutosha kwa magari ya abiria. Leo magari makubwa ya umeme yanaukaribia, na baadhi yameshaupita.

Kati ya njia hizi, napendelea jinsi Waingereza walivyoupa umbali wa mpaka nafasi kubwa. Banda dogo likishika moto, mara chache kuna mtu ndani. Kinachohesabika ni kama moto utavuka uzio. Eneo la jengo halikuambii hilo. Umbali wake na jirani unakuambia.

Sasa turudi kwenye ile dhana. Kwa nini gari lilihesabiwa hatari ndogo? Miongoni mwa sababu ni majaribio yaliyofanyika wakati magari yalikuwa chuma kwa sehemu kubwa. Katika jaribio la mwaka 1972 huko Scranton, Pennsylvania, gari lilichomwa ndani ya maegesho wazi ya chuma na moto haukusambaa kwenye magari ya jirani. Matokeo ya namna hiyo yalitumika kutetea miundo ya chuma isiyokingwa. Kwa magari yale, hitimisho lilikuwa sahihi. Tangu hapo bampa zimekuwa plastiki, matangi ya mafuta yamekuwa plastiki, ndani ya gari kumejaa povu na nyaya, gari limenenepa huku nafasi ya kuegesha ikibaki ileile. Ripoti iliyotolewa mwaka 2020 na taasisi ya utafiti ya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, ilieleza mabadiliko hayo na jinsi yanavyorahisisha moto kuruka kutoka gari hadi gari.

Matukio yalikuwa yameanza kusema mapema. Tarehe 31 Desemba 2017, maegesho ya ghorofa huko King's Dock, Liverpool, yaliteketea na magari zaidi ya 1,000. Tarehe 10 Oktoba 2023, maegesho ya uwanja wa ndege wa Luton yalishika moto kutoka kwa gari la dizeli, sehemu ya jengo ikaporomoka, na magari zaidi ya 1,300 yakaangamia. Kote kuwili hapakuwa na vinyunyizio. Wengi walikimbilia kulaumu magari ya umeme, lakini gari lililoanzisha moto wa Luton lilikuwa la dizeli, na plastiki haiulizi kinachozungusha magurudumu.

Waandishi wa kanuni hawakukaa kimya. NFPA 13, kitabu cha vinyunyizio, katika toleo la 2022 kiliyapandisha maegesho ngazi moja ya hatari katika usanifu wa vinyunyizio. NFPA 88A ya 2023 ilidai vinyunyizio kwenye maegesho yote inayoyahusu, hata yaliyo wazi. IBC ya 2021 nayo iliyatia maegesho wazi kwenye sharti la vinyunyizio eneo la moto linapozidi futi za mraba 48,000. Lakini angalia walichofanya: waliongeza masharti juu ya S-2 na kuliacha jina palepale. Maegesho bado ni hatari ndogo kwa jina, huku yakitendewa kama hatari ya wastani kwa vipande. Boti ya plastiki ni S-1, gari lililojaa plastiki ni S-2, na vyote viwili vinaweza kulala kwenye banda moja vikiwa vimegusana.

Je, mabanda madogo ya magari yahamishiwe yote S-1? Hapana. Saa tatu za kizuizi na masharti ya ghala la hatari ya wastani kwa banda la magari matatu ni kumwadhibu mtu mdogo kwa kosa la maegesho makubwa ya ghorofa. Kundi U lenye kikomo cha futi 1,000 na ukuta kati ya banda na banda ni mpango mzuri kwa sababu haujali gari limetengenezwa na nini: unakubali kwamba litaungua, kisha unauzuia moto usifike kwa mwenzake. Ambacho ningebadilisha ni ule msamaha wa ukuta wa nje kuanzia futi tano. Futi tano zilitosha kwa gari moja la bati. Kwa magari matatu ya leo chini ya paa moja, ningetaka futi kumi, au ukuta wa saa moja. Kwa majengo ya S-2 ningeacha kuuliza kama ni wazi au yamefungwa peke yake, nikauliza pia magari yamepangwa karibu kiasi gani na kama yanabebana kwa mashine za kupandisha moja juu ya jingine.

Na kwa anayejenga sasa, chini ya kanuni iliyopo: usiagize chuma kwanza. Andika kwenye karatasi moja magari ni ya nani, ni mangapi, yana uzito gani, kama kutakuwa na kuchomelea, kupaka rangi au kuchaji, kama kuna mtu atakayekaa humo hata kwa jioni moja kwa wiki, na jengo liko futi ngapi kutoka kila mpaka. Ipeleke ofisi ya majengo, uliza wanatumia toleo la mwaka gani, na uombe jibu la kundi kwa maandishi. Usipunguze ukweli ili upate U. Jengo lenye cheti hupewa matumizi yaliyoandikwa humo, na ukiyabadilisha baadaye bila idhini, yale masharti uliyoyakwepa yatakurudia yote, safari hii ukuta ukiwa umeshasimama mahali pasipofaa.